Mkono wa Baba Kidoti

Jumatatu, 3 Machi

Leo Baba Kidoti kapimwa hospitali kama anaweza kurudi machinjioni. Tangu msumeno wa mifupa ulipokula vidole vyake viwili vya mwisho, mkono wa kulia, hajashika kisu. Mpimaji ni dada mmoja mpole, kazi yake kupima walioumia kazini. Kampa kisu akate sponji kama nyama. Kikaanguka! Kaokota — kikaanguka tena. Dada kasema taratibu, shemeji, kule kisu kikiteleza kinaua mtu, labda tukuombee kazi ya getini. Getini! Alivyonigeukia, utadhani mimi ndiye niliyekiangusha.

Jumanne, 4 Machi

Jana kanikaba. Nilisema tu, getini nako si kubaya, mume wangu. Kanibana ukutani kwa mkono uleule. Kidoti yuko mgongoni, analia, kabanwa na ukuta! "Kawe bawabu wewe!" Nikaona nyota. Mlango wa kabati umepasuka, sahani hazina hesabu. Baadaye kalia, kichwa magotini pangu. Akirudi kazini atapoa. Hasira zake alikuwa anazimalizia kwa ng'ombe. Naamini.

Ijumaa, 7 Machi

Yule dada mpimaji kaja nyumbani, anataka kuona mkono unavyofanya kazi. Kamtuma Baba Kidoti bombani, alete ndoo ya maji kwa huo huo mbovu. Tumebaki sisi na mtoto. Kauliza, mdogo wangu, hapa nyumbani mkono wake unashika nini? Nikasema vikombe. Kidoti huyo, kavuta mtandio wangu — chini!

Dada kainama kuniangalia shingo. Alama ya gumba huku, vidole viwili kule. Kanyoosha mkono wake karibu na shingo yangu, vya mwisho kavikunja. Sawasawa.

"Kumbe unashika," kasema.

Ndoo ikagonga kizingiti. Dada kaninong'oneza harakaharaka: funga nguo za mtoto, naenda kutafuta gari, usimwambie. Kisha kwa sauti, "Hongera shemeji, hujamwaga hata tone!" Kaondoka.

Sasa Baba Kidoti ananoa kisu uani. Anapiga mluzi! Mluzi wa siku za uchumba, mpaka Kidoti anacheka. Vinguo vyake nimevikunja, nikavirudisha, nimevikunja tena. Labda kafaulu kweli? Labda Jumatatu atarudi kazini, na sisi —

Mluzi umekatika. Anaita.

"Mama Kidoti! Yule dada alikunong'oneza nini?"