Meno Niliyokuchorea, Mama

Kampini, Kapsoit

Kwa Mama yangu mpendwa,

Goti linaendeleaje tangu mvua ianze? Na yule ng'ombe mwekundu, alizaa salama? Mimi mwili ni mzima, nachuma chai kila siku, vidole vimekuwa vyeusi hata sabuni imeshindwa. Lakini moyo si mzima. Najua barua hii atakusomea jirani yetu Mama Wanjala, naye hasomi lugha yetu, ndiyo sababu naandika kwa Kiswahili. Mama Wanjala, tafadhali usiruke mahali, hata ukiona aibu kwa niaba yangu.

Mama, unakumbuka picha niliyokupiga Krismasi ukicheka mlangoni? Kamera yangu ni ile ndogo ya plastiki, na uso wako ulitoka na kivuli. Mzee mmoja mwenye studio hapa Kapsoit akanifundisha kuitengeneza. Unanoa penseli mpaka iwe kama sindano, unagusa negativu, ile filamu ya picha, polepole, na pale ulipopaka giza, picha ikioshwa panatoka peupe. Nikakuondolea kivuli chote. Ulitoka vizuri mpaka mzee akanipongeza. Ningeachia hapo! Lakini nikashuka mpaka mdomoni, pale ulipotolewa meno sita ya chini kwa mila yetu ulipokuwa msichana. Nikayachora yote sita. Haki ya Mungu, yalikaa kama yameota.

Sitazunguka. Kuna msichana wa hapa, Chebet, ndiye ninayetaka kumwoa. Vijana wa kampi huwacheka wazee wetu wa huko ziwani kwa sababu ya mapengo, nami nikaona haya. Nilikuonea haya wewe, uliyenizaa.

Nikapeleka picha kwao Chebet. Kogo, ndivyo wanavyomwita nyanya huku, akaisogeza karibu na macho akaitazama weee. Halafu akafungua mdomo wake, akanionyesha. Yeye alitolewa mawili.

"Nilisikia kwenu wanatoa sita," akasema. "Nilitaka kumwona huyo mwanamke aliyevumilia sita. Kwani mama yako alikataa?"

Nikababaika. "Ndiyo, kogo."

"Aliogopa?"

Nikasema ndiyo.

Mama, nilisema uliogopa. Wewe uliyetuambia kila mara kwamba ulikaa chini na hukutoa hata chozi moja, mpaka nyanya yetu akakupigia vigelegele. Kogo alinirudishia picha, akamwambia Chebet anipe chai.

Sasa wao wanataka uje kuwaona mwezi ujao. Nilianza barua nyingine, nikikuomba ukifika kwao usicheke, na ukiongea ufunike mdomo na leso. Niliyaandika hayo kwa mkono wangu huu. Nikayasoma, nikajichukia. Nikaichana, nikaenda kumwambia kogo ukweli mbele ya Chebet na baba yake. Chebet aliinuka akatoka nje. Baba yake akatazama chini. Kogo ndiye aliyenijibu.

"Picha zako sitaki tena," akasema. "Mlete mwenyewe. Akicheka hapa kwangu, nitajua amekusamehe, na mambo ya msichana tutaongea. Akifunga mdomo, mrudi kwenu wote wawili."

Niwie radhi, Mama. Sina la kujitetea. Sikulazimishwa na mtu, wala sikuwa nimelewa.

Nisalimie dada yangu mkubwa, mwambie sweta ya mtoto nimeipata. Nisalimie baba mdogo aliyenisomesha, na usimfiche haya, maana ni heri ayasikie kwako. Mama Wanjala naye asante kwa macho yake.

Neno la mwisho. Sikuandikii ili ucheke kwa ajili yangu. Chebet nampenda, lakini kicheko chako si cha kuombwa. Ukifika kwa kogo na mdomo umeufunga, nitakubebea mzigo, nitakusindikiza mpaka nyumbani, na njiani sitakuuliza kwa nini.

Ni mimi mwanao niliyekukana,
Ouma