Wifi Ndiye Aliyepanda

Shoga, lile dege kuukuu la mapangaboi limeruka. Limeozea bandani miaka yote ile, leo limeruka, na mimi nimeachwa chini.

Fundi mmoja tu alitakiwa apande na rubani. Bosi kamchagua wifi. Wifi, shoga! Mimi niliyetoa viota vya ndege kwenye injini kwa mikono yangu hii.

Nikasema, "Basi isiwake." Nilidhani nasema moyoni, kumbe banda zima limesikia.

Na haikuwaka. Injini ya kushoto, kimya. Watu wote wakanigeukia kama mchawi.

Bosi akaniuliza, "Umeigusa?"

Nikamjibu, "Sijaigusa. Nipeni ngazi."

Nikapanda, nikakuta waya wa kuwashia umelegea. Nikaukaza mwenyewe, huku najua nikishaukaza tu, anaondoka yeye.

Ikawaka. Wakapaa, wakazunguka mji, wakatua salama.

Wifi kashuka anameremeta kama bibi harusi. Kaja moja kwa moja kwangu, kanikumbatia mbele ya watu. "Asante kwa ule waya, wifi yangu."

Machozi yakanitoka. Kadhani ni ya furaha, naye akaanza kulia.