Numbi Bado Hajaijua Sombe Yako

Mpendwa yaya, dada yangu mkubwa,

Shemeji yako, kaka mkubwa wa mume wako, alifika hapa Kamina wiki iliyopita kutoka Malemba-Nkulu, na alikuja kumdai Numbi. Nakuambia hili kwanza ili usisome barua nzima ukijiuliza nina nini. Wamekubali binti yako amalize mwaka wa shule, halafu watamchukua. Mtoto ni wa ukoo wa baba yake, tulizaliwa tukakuta hivyo, na hakuna mtu kwetu aliyefungua mdomo kubisha. Hata mimi, uliyekuwa ukisema nina mdomo wa sokoni, nilikaa kimya.

Tangu siku hiyo tunapika kwa haraka, mimi na yeye. Nikikumbuka kitu katikati ya kufua, naacha nguo ndani ya maji na kumwita, Numbi, njoo uone. Jirani aliniuliza kama tuna harusi. Nilimwambia hapana, tuna njaa. Ukweli ni kwamba nilidhani nina miaka mingi ya kumfundisha, nikawa nampa kidogo kidogo kama mtu anayefuga kuku, na sasa naona ni mengi ambayo bado hayajaingia mkononi mwake.

Bukari, ugali wetu, anaijua, usihofu. Kwanza anapika uji, anauacha uchemke mpaka harufu ya unga mbichi itoke, ndipo anaongeza unga wa mahindi, na ule wa mihogo anauweka mwisho ili bukari ivutike. Halafu anaishusha sufuria kutoka kwenye mbabula ya makaa, anaibana kwa miguu yake miwili na kusonga kwa mkono wa kushoto. Ndiyo, wa kushoto. Nilijaribu kumbadilisha, nikashindwa. Mume wangu Ngoy alikuwa akimtania kwamba bukari yake inatoka imegeuka mgongo, naye anamjibu kwamba asiyetaka aende akale makaa. Ungewasikia ungecheka.

Lengalenga, mchicha wetu, pia anaijua. Anajua kuiosha maji mengi mpaka mchanga uishe, kutoifunika, kuitoa motoni ingali kijani. Anajua samaki wa Bukama, wale wa moshi, kwamba unawamwagia maji ya moto kwanza, unatoa kichwa na miiba kwa vidole, na kwamba maji yale hayamwagwi uani kwa sababu ya inzi. Dagaa anawakaanga bila mafuta mpaka waanze kulia ndani ya sufuria, halafu ndipo nyanya. Haya yote niliyapata kwako, na uliyonifundisha kwa kunipigia kelele ndiyo niliyoyashika zaidi.

Ila sombe yako hajaijua.

Unakumbuka nyuma ya nyumba ya baba, kule kambi ya wafanyakazi wa reli? Wewe unatwanga majani ya mihogo ya sombe, mimi naokota yanayoruka kutoka kwenye kinu. Siku moja uliniachia sufuria motoni ukaenda kuchota maji, na mimi, kwa uvivu, nikaifunika ili iive upesi nikacheze. Uliporudi sombe ilikuwa nyeusi na chungu. Hukunipiga. Ulisimama na ndoo kichwani ukaniambia, “Sombe habafunikake. Iache ipumue.” Mpaka leo siwezi kuona sufuria ya sombe imefunikwa kwa mtu nikanyamaza, na nimeshagombana na wanawake wawili wa kwaya kwa sababu hiyo.

Nimemfundisha Numbi kuichemsha wazi mpaka maji yapungue na uchungu utoke. Nimemfundisha kuweka bilinganya ndani ya kinu pamoja na majani, mawese baadaye, na chumvi mwisho kabisa, mafuta yakishaingia. Ile siri ya karanga nayo nimempa. Hukuwahi kunieleza, niliiona kwa macho yangu siku za matanga ya baba, ulipopikia watu na ukadhani sikuangalii. Nusu ya karanga uliikaanga, nusu uliitwanga mbichi, ukazichanganya. Ukaniona nimekuona, ukasema tu, “Funga kinywa.” Nimefunga, yaya, isipokuwa kwa mtoto wako.

Na bado haifikii. Nimepika mimi, amepika yeye, tumepika pamoja. Inalika, watu wanasifu, lakini si ile. Kuna kitu nilikikosa siku ile ya matanga, labda nilipogeuza kichwa kumsalimia mtu. Namwambia mtoto, mama yako alikuwa na mkono wake, naye ananiangalia kama anayeambiwa habari za nchi asiyoijua. Inaniuma kwamba ataondoka na sombe yangu akidhani ndiyo yako.

Ulipougua nilikuwa nakuletea supu ya samaki, imechujwa, kwa sababu kumeza kulikuwa shida. Siku moja ulionja kijiko kimoja, ukafumba macho, ukasema, “Chumvi inapungua.” Nilitoka nje nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na hayakuwa ya kicheko peke yake. Hukusema mtoto abaki na nani. Hakuna aliyekuuliza pia, maana kukuuliza kungekuwa kukuaga. Matanga yako yalipokwisha, mume wako alimweka Numbi mgongoni kwangu kwa mikono yake mwenyewe na kusema, “Mumubakishe kwanza, akue.” Akarudi kwao Malemba-Nkulu. Alioa, akapata watoto wengine, na kila tuliposikia vijiji vya kule vimekimbia kwa sababu ya watu wenye silaha, nilimshukuru Mungu kwamba mtoto yuko hapa, kisha nikatubu kwa kushukuru kitu kama hicho.

Wa kwangu sikupata, unajua. Mtaani wananiita Mama Numbi, na Ngoy naye ananiita hivyo. Mtoto aliniita mimi mama mudogo, kama inavyopaswa, lakini Ngoy alimwita papa, baba kabisa, tangu alipoanza kusema. Hakuna aliyemfundisha. Ngoy hutengeneza pikipiki, si mtu wa maneno. Siku za mvua alikuwa akifunga kazi ampeleke shule, arudi amelowa, aendelee na spana zake. Nakueleza ili ujue ni mtu wa namna gani, kwa sababu nitakachokuambia sasa kitakufanya umkasirikie, na mimi mwenyewe sijui kama nimeacha kumkasirikia.

Shemeji yako alikuja na mzee mmoja wa ukoo wao. Nilichinja jogoo. Hilo nalo Numbi analijua vizuri. Unamkata kwenye viungo, huvunji mfupa, unamchemsha kwa kitunguu na chumvi mpaka alainike, ndipo unamuunga. Na kwa wakwe anakuja mzima, hata akiwa vipande. Kichwa kipo, miguu ipo, shingo ipo, maana wanahesabu kwa macho kabla ya kunawa, na kikikosekana kimoja umewatukana. Firigisi inakaa juu, na upande inakoelekea ndiko kwenye heshima. Wakati tuko peke yetu inamwelekea baba wa nyumba. Mgeni wa namna ile akija, inamwelekea mgeni, naye akiila amekubaliwa kuwa mwenye neno.

Walikuwa na adabu. Ningependa wakose adabu nipate pa kuanzia. Shemeji yako aliniambia, “Ulimulisha mutoto yetu muzuri, shemeji. Wafwako, aksanti sana. Mungu atakulipa.” Alisema bibi yake Numbi amezeeka kule, hana wa kumsaidia jikoni, na baba yake anamtaka. Alisema barabara sasa imetulia. Niliitikia kwa kichwa kila neno.

Numbi aliomba apeleke chakula yeye. Nilipanga bakuli mwenyewe, firigisi juu. Akaingia, akapiga magoti, akaliweka mbele yao sawasawa, firigisi ikimtazama baba yake mkubwa. Nikashusha pumzi. Halafu, kabla hajainuka, akashika bakuli kwa mikono miwili na kuligeuza taratibu mpaka firigisi ikamtazama Ngoy. Aliinuka akaenda kusimama mlangoni, mikono nyuma.

Yule mzee alikohoa. Shemeji yako alitabasamu, akasema kwa upole, “Mutoto anakosea bakuli.” Alikuwa anatupa njia ya kutokea. Lakini mtoto anayeandaa bakuli lile tangu alipoweza kupiga magoti hakosei, na wote pale tulijua.

Yaya, niliomba. Sijawahi kuomba hivyo hata kanisani. Niliomba Ngoy ale. Wangeondoka bila kunawa, wangetupeleka kwa chefu wa mtaa, wazee wangekaa na kusema, na labda mwisho tungeshindwa vilevile. Sawa. Ila mtoto angejua kwamba kuna mtu alimgombania. Ngoy aliliangalia bakuli muda mrefu. Alinyoosha mkono, mkono ule wenye grisi isiyotoka hata kwa sabuni, akalirudisha bakuli lilipokuwa. Akasema, “Kuleni, bakubwa. Mutoto hajue bado.”

Numbi alimtazama, akatoka. Shemeji yako akala firigisi. Alitafuna polepole na sikuona kwamba ameifurahia. Walisifu kuku, walisifu bukari, wakaongezwa.

Asubuhi yake nilimwambia Ngoy maneno ambayo sitayaandika, kwa sababu ungejua niliyajifunza kwako. Aliyasikiliza yote. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni akifunga viatu, na aliendelea kuvifunga hata vilipokuwa vimeshafungwa. Mwishoni akaniambia, “Nikikula kale kanyama, ndio kusema mutoto iko wangu. Miye niko nani, Mama Numbi? Niko bwana ya mama yake mudogo tu.” Akaenda kazini. Hakusema uongo. Huo ndio ubaya wa jambo hili, yaya. Kila mtu amefuata njia iliyo sawa, hata sisi, na mtoto anaondoka.

Numbi hakulia. Ningemwelewa angelia, angevunja hata sahani, ningemsaidia. Anaamka, anakwenda shule, anarudi, anapika. Anamwandalia Ngoy chakula kama zamani, anamletea maji ya kunawa, anapiga magoti. Anamwambia, “Tonton, chakula iko tayari.” Tonton. Mjomba tu, si papa, kama jirani, kama mtu yeyote anayepita barabarani. Mara ya kwanza alipomwita hivyo, Ngoy alinawa mikono, akakaa, akasema ameshiba. Tangu siku hiyo anarudi akiwa amekula kwenye karakana, au anasema amekula. Naona suruali yake imelegea kiunoni.

Nami napika katikati yao, naonja, naongeza, napunguza, na chakula chote kina ladha moja.

Jana tulikuwa jikoni, yeye na mimi. Alikuwa anasonga, kwa ule mkono wake wa kushoto, na bila kuinua kichwa akaniuliza, “Mama mudogo, kule kwa papa, bukari banapikaka ya muhindi ao ya mihogo? Na papa anapendaka chumvi mingi?”

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita hivyo yule mwanamume. Hakusema kwa chuki. Aliuliza kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Anataka afike kule asikosee, apendwe upesi, kwa sababu ameona hapa kwetu kupendwa hakukumsaidia.

Nilikula kwako mara nyingi, yaya, lakini nilikuwa naangalia chakula, sikumwangalia mume wako anachoacha kwenye sahani. Sijui kama anapenda pilipili. Sijui kama bamia inamchukiza. Sijui kama ni mtu wa kusifu au wa kusukuma sahani. Kila siku ya ndoa yenu wewe ndiye uliyempikia, na sasa mtoto wako anauliza, na mwenye kujua ni wewe peke yako.

Nilimwambia aweke chumvi kidogo. Nilikisia tu. Kama nimekosea, yaya, atakayepiga magoti mbele ya sahani ile, akingoja kuangaliwa, ni yeye.

Pumzika, kama unaweza.

Mdogo wako,
anayemlea Numbi mpaka shule zifungwe