Kitufe cha Kuwashia Jiko la Mama

Dada yangu Nabwire,

Kabla hujauliza, mimi mzima. Nakula, nalala, na joto la huku Uarabuni limeanza kupungua, hata damu ya pua imeacha kunitoka. Wewe je? Shemeji mgongo unamwachia siku hizi, au bado anainamia baiskeli za watu akiguna? Na mihogo ya hapo Kisoko, mvua iliwahi au iliwadanganya tena? Hayo yote nijibu kwa simu. Lakini hili ninalokuandikia tumeshindwa kulimaliza kwa simu. Kila tukilianza mtandao unakatika penye maana, nawe unabaki kusema "ee, ee" ilhali hujasikia kitu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Soma mpaka mwisho, kisha msomee Shemeji.

Barua hii anakuletea Oundo, yule jamaa wa Tiira aliyeacha mashimo ya dhahabu akaja kufanya kazi nami gereji. Mkataba wake umekwisha, bahati yake. Ameniapia: "Hii kitu nafikisha mpaka kwa mkono ya dada yako, hata kama nalala Busia." Atakupa na kifurushi nilichokifunga ndani ya soksi. Soksi ni safi, usikunje uso. Humo mna kitufe cheusi, waya mwembamba, na kijiti cheupe cha kauri, mfano wa kipande cha chaki. Ni kiwashio cha gesi. Ukibonyeza kitufe, cheche inaruka kwenye ncha ya kile kijiti na gesi inashika moto. Hakitaki kiberiti wala betri. Ni cha jiko la Mama.

Tangu uliponisimulia jinsi nyusi za Mama zilivyoungua sijatulia. Ulinisimulia ukicheka, na mimi nikacheka kidogo, maana ulimwigiza vizuri: "Ni gesi ilinisalimia tu." Lakini wakati ule nilikuwa nimelala chali ndani ya gari la mteja, nafunga kiwashio kama hiki kwenye jiko lake la kambi. Hiyo ndiyo kazi yangu. Magari ya watu wanaokwenda jangwani na watoto wao mwisho wa wiki, wakapike chai mchangani na kurudi. Nawafungia majiko, nayajaribu, nahakikisha mtu haungui hata unywele. Halafu mama yangu mwenyewe kitambaa kinashika moto kichwani, kule Busia. Niliweka bisibisi chini, nikashindwa kuendelea.

Jambo lenyewe unalijua, ila acha niliseme lote ili Shemeji asidhani ni uzee. Mama si mjinga. Toka utoto wake sigiri imewashwa kwa mtindo mmoja: unapanga mkaa, unaweka jiko tayari, ndipo unakwenda kwa jirani kuomba moto. Hakuna mwanamke wa mtaa wetu anayerudi na kijinga cha kuni kinachowaka akakuta sigiri tupu. Sasa likizo iliyopita nikamletea lile jiko dogo la kambi, ambalo mteja alikuwa analitupa, na mtungi nikautafuta upande wa Kenya. Naye akaliingiza kwenye mtindo ule ule. Kiberiti hakiwezi tena. Tangu augue ile homa kali mikono inamtetemeka na njiti zinavunjika zote. Laita kidole hakina nguvu ya kuisukuma. Basi anafungua gesi, ndiyo kuweka jiko tayari, anatoka kwenda kwa Mama Ajambo kuchukua kijinga. Wanaulizana habari. Anarudi nacho kinafuka, anaingia nacho mlangoni. Mlangoni, Dada, na chumba kimeshajaa gesi.

Nilimpigia nikamgombeza, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Mama, moto kwanza, gesi baadaye." Unajua alinijibu nini? "Sasa moto ikikuja na jiko haiko tayari, mi nashika wapi? Kwa mkono?" Nikaanza kumweleza upya, akaniambia salio langu linakwisha bure.

Niliomba ruhusa nije. Usidhani sikuomba. Msimamizi wetu ni mtu mzima, si mkali. Alinikalisha, akanimiminia chai kwa mkono wake, akanisikiliza mpaka nilipomaliza, akasikitika kweli kweli. Kisha akasema haiwezekani, msimu wa kambi ndio kwanza unafunguka na pasi ya kusafiria iko kwa tajiri. Afadhali angenifokea, ningepata wa kumkasirikia. Nilimaliza chai yake, nikamshukuru, nikarudi kwenye gari la watu.

Basi kazi nakupa wewe. Usiipeleke kwa fundi wa redio pale stendi, atakuja na moto wa kuchomelea. Mkono wako umezoea kutunga uzi kwenye sindano, utaweza. Kwanza mfungulie Mama kichwa cha jiko kutoka kwenye mtungi, na mtungi uende uani, mbali. Shemeji atoboe tundu mbili kwenye bati la jiko: moja ubavuni, ya kukaza kitufe, nyingine karibu na pale moto unapotokea, ya kushikia kile kijiti cha kauri. Waya upite kwa nje ya bati, usiukaribie moto, usibanwe popote. Ncha ya kijiti iangalie matundu ya gesi, na nafasi kati yake na chuma iwe upana wa punje ya mchele. Ikigusa, hakuna cheche. Ikiwa mbali, cheche inashindwa kuruka. Hapo chuma kikwanguliwe kutu mpaka king'ae. Mkimaliza, bonyezeni kabla ya kurudisha mtungi, mkiwa mmefunga dirisha ili giza liwaonyeshe cheche vizuri. Lazima muone kitu cha buluu kinaruka na kulia "tak". Msipoona, sogezeni kijiti kidogo kidogo. Msikate tamaa haraka, mimi mwenyewe cha kwanza kilinishinda siku nzima.

Kisha mfundisheni Mama. Kidole kitangulie kwenye kitufe, ndipo mkono mwingine uguse koki. Afungue kidogo, abonyeze papo hapo. Moto usiposhika, afunge koki, afungue mlango na dirisha, asubiri mpaka harufu iishe. Mrudieni hilo mpaka achoke nanyi.

Hapo ndipo nilipotaka barua iishie. Lakini juzi nilimpigia mwenyewe, nikiwa na furaha ya mtu aliyetatua jambo. Nikamwambia, "Mama, Oundo anakuletea kitu. Utakuwa unabonyeza tu, moto unatoka. Hutakwenda tena kwa Mama Ajambo kuomba moto." Nikadhani mtandao umekatika tena. Nikaita, "Mama, uko?"

"Niko," akasema. "Sasa mi nitakwenda kwa Mama Ajambo kufanya nini?"

Nikacheka, nikamwambia aende kumsalimia tu.

"Mtu anakwenda tu hivi hivi? Asubuhi? Nikienda kuomba moto, ananiambia keti, uji iko. Nikienda bure, anauliza nani amekufa."

Nilitafuta neno, Dada, wallahi nilitafuta. Nikamwambia, "Basi yeye Mama Ajambo awe anakuja kwako kuchukua moto." Akaniuliza kama nimesahau kwamba Mama Ajambo anapika mafiga, na gogo lake halizimiki toka mwaka hadi mwaka. Ni kweli nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nawaza bati na waya. Mtu amekaa peke yake tangu tumfukie Baba, wewe umeolewa Kisoko, mimi niko mchangani na watu nisiojua lugha yao, na kumbe kile kijinga ndicho kinachomtoa nyumbani kila asubuhi. Nami ndiye niliyetuma kitufe cha kumfungia ndani.

Nimekaa na kifurushi hiki mfukoni tangu juzi nikifikiri nisikitume. Kisha naziona nyusi zake. Kisha nalisikia lile swali lake kwenye simu. Niseme ukweli, kazi ya gesi naijua, ila hii nyingine sijui fundi wake ni nani. Oundo anaondoka kesho, kwa hiyo nimekiacha kiende. Kifungeni. Akikasirika, mwambieni ni mimi nimelazimisha, anikasirikie mimi. Niko mbali, nitavumilia.

Msalimie sana Shemeji, mwambie asikaze kitufe kwa nguvu za kukaza gurudumu, kitapasuka. Msalimie mama mkwe wako, mwenye meza ya karanga, na watoto wote wa hapo nyumbani. Ukipata mtu wa kwenda Majanji, baba mdogo anayechuuza samaki ajue mimi mzima na kwamba nimekumbuka sangara wake. Na ukifika Busia, pita kwa Mama Ajambo kabla ya kufika kwa Mama. Mpe mkono, mshukuru kwa uji. Kama utapata maneno ya kumwambia zaidi ya hapo, mwambie. Mimi nimeandika mistari mitatu na kuifuta, kila mmoja unamfanya Mama aonekane anaombewa huruma.

La mwisho ni hili, na ndilo ninaloliogopa. Mkishafunga, usirudi Kisoko siku hiyo. Lala hapo, hata kama Shemeji atanung'unika kwa kupikiwa na mwingine. Asubuhi Mama ataamka, atafungua koki kama alivyozoea, kitufe atakisahau, na miguu itashika njia ya kwa jirani kabla kichwa hakijaamua. Namjua. Hapo, Dada, uwe umesimama mlangoni. Funga gesi, umshike mkono, mwende wote kwa Mama Ajambo. Na kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa, mpaka nyumba yako ikuite. Siku utakapoondoka sijui nani atasimama hapo. Nimefikiria kila mtu tunayemjua, Dada, na kila nikimfikiria mtu, najikuta najiona mimi hapo mlangoni.

Ni mdogo wako anayekukumbuka,
Wandera