Kamba Ilipokuwa Tupu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: kupotea kwa mwendesha baiskeli wa kike, miaka 22, ambaye wenzake humwita Chiriku
Shahidi: Mama Kamba (jina kamili lipo kwenye jalada)
Umri: miaka 46
Elimu: darasa la nne
Kazi: kufua nguo
Makazi: nyumba ya mwisho kabla ya daraja la chini
Tarehe: 15 Aprili, Jumatano. Yameanza kuandikwa saa tatu na nusu asubuhi.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Nimeambiwa niseme ninayoyajua, nisitie chumvi. Sitatia. Naomba tu nianzie mbali kidogo, maana bila hapo hamtanielewa.

Nafua nguo za walimu na mashuka ya zahanati. Kamba yangu ya kuanikia ina urefu wa hatua thelathini na tano, nimeifunga mbele ya nyumba kwa kuwa nyuma hakuna jua. Ukisimama njia panda kule juu, mto huuoni, daraja hulioni, lakini kamba yangu unaiona yote.

Vijana wa baiskeli hupita kwetu kila Jumatano na Jumamosi. Hutoka mjini, hushuka bondeni, wakifika njia panda huchagua. Njia ya chini ni fupi, inavuka mto kwenye daraja la zege lisilo na kingo. Njia ya juu inapanda kilima na kuzunguka kilomita kumi na nne mpaka daraja kubwa. Mto ukijaa, maji hupita juu ya daraja la chini. Ubaya wake ni kwamba daraja lenyewe hulioni mpaka umemaliza kona ya mwisho, na baiskeli zao zina matairi membamba kama kamba ya kiatu. Lami ikilowa, breki ni za kuomba Mungu.

Miaka mitatu iliyopita kocha wao alinijia na kitambaa chekundu cha mita mbili. Tukakubaliana. Maji yakifunika daraja, nitundike kitambaa, wao wapite juu. Wasipokiona, washuke. Sikudai kitu. Nina watoto wanne, na mtoto wa mwenzio ni wako. Ndipo wakaanza kuniita Mama Kamba.

Huyu binti walimwita Chiriku kwa sababu hakuwa na nukta. Wenzake wakipanda kilima wanahema kama mvukuto, yeye anasimulia. Akipita kwangu alinisalimu kwa sauti, shikamoo Mama Kamba, leo mashuka hayajatakata. Mimi nikamjibu marahaba, kula kwanza ushibe ndipo ucheke watu, na wembamba huo maji ya kikombe yatakubeba. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, Jumatano ya tarehe 8. Nayasema kwa kuwa mmesema niseme yote.

Mnamo tarehe 11 Aprili, siku ya Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, nilishuka mtoni. Maji yalikuwa yamefunika daraja. Nikarudi, nikatundika kitambaa. Saa tatu na dakika hamsini kundi lao lilifika njia panda, nikawaona wanageuka kwenda juu. Sikujua kuna mmoja amebaki nyuma. Kocha alieleza baadaye kuwa Chiriku alipata pancha kabla ya njia panda, akawaambia tangulieni, nitawapata mbele na bado nitakuwa naongea. Kwa hiyo kitambaa alikuwa hajakiona.

Saa nne na kama dakika ishirini matone yakaanza. Afande, mtu wa kufua akisikia tone, miguu hutangulia akili. Kwenye kamba palikuwa na mashuka kumi na manne ya zahanati. Nilikimbia nikazoa kuanzia mwanzo wa kamba hadi mwisho wake, nikajaza beseni kubwa, nikaingia ndani. Mikono yangu ilizoa vyote. Na kitambaa.

Mvua iliyonifanya nikiondoe ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa inaujaza mto. Hilo nimelifikiri baadaye. Wakati ule nilikuwa nafurahi kwamba nimewahi, shuka hata moja halijalowa.

Nikakinga sufuria chini ya bati linalovuja. Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika thelathini na tano. Nikasikia tik-tik-tik-tik, ya harakaharaka, inapita. Baiskeli zao zikishuka bila kukanyagwa ndivyo zinavyolia. Nikajiambia ni sufuria. Sikutoka.

Saa tano na robo mvua ilipungua, nikatoka. Tope lilikuwa limeteremka juu ya lami, na kwenye tope niliona alama ya tairi, nyembamba, kama imechorwa na kidole, inaelekea mtoni. Ya kurudi haikuwepo. Nikageuka kuangalia kamba. Ilikuwa tupu. Nikakimbia mpaka darajani, nikaita Chiriku, nikaita tena. Mto ndio ulioitika. Saa sita mvua ikarudi, ikafuta ile alama.

Jioni hiyo watafutaji walifika, wakaniuliza kama nimemwona mwendesha baiskeli. Nikasema sijaona mtu. Ni kweli, sikuona. Nilisikia.

Wenzake walikiona kitambaa, mkaamini naye alipita juu; Jumapili mkamkamata dereva wa lori la mchanga, kwa kuwa aliwapigia honi njia ya juu siku ile, na wiki iliyopita aliwaambia barabara si korido ya bibi yao, siku moja atawalaza. Na bampa lake limebonyea. Bampa hilo lina mwaka tangu libonyee, aligonga nguzo ya lango langu. Nguzo bado imeinama, nendeni mkaione. Mdomo wake mchafu, lakini mguu wake hauko mbali na breki. Mke wake yupo hapo nje kwenye benchi, ana mtoto mgongoni. Nimepita mbele yake, shingo ikakataa kugeuka.

Jumapili hiyo hiyo mama yake Chiriku alifika. Nyumba yangu ndiyo iliyo karibu, nikampa chumba cha wanangu. Siku tatu nimempikia, nimempelekea maji ya kuoga, ananiita dada. Na kila siku ikifika saa nne na nusu nasikia tik-tik-tik inapita kwenda mtoni. Sufuria nimeitoa, jua linawaka, na bado nasikia.

Lile beseni sikuligusa. Wauguzi walituma mtu, nikasema mashuka hayajakauka. Jana Jumanne, saa tisa alasiri, nilirudi kutoka mtoni nikamkuta mgeni wangu ameketi sakafuni ananikunjia nguo, kunisaidia. Mashuka kumi na manne yamepangwa. Kitambaa chekundu kimekunjwa mara nne, kiko mapajani mwake.

Akauliza, "Dada, hiki ndicho?"

Nikamwuliza nani alimwambia habari za kitambaa. Akasema ni binti yake. Kila alipomkataza kuja bondeni alimjibu, "Mama, usiwe na hofu, kule nina mama mwingine wa kuniangalia."

Akaniuliza Jumamosi kilikuwa wapi. Nikamjibu, "Kwenye beseni." Nikamweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa. Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Alitoka nje akakaa amenipa mgongo mpaka wanangu wakarudi kutoka shuleni. Niliogopa ataondoka, na niliogopa hataondoka.

Leo asubuhi nimemkuta ameamka, uji wake haujaguswa. Akasema, "Nenda kaseme. Yule dereva naye alizaliwa na mtu."

Nikashika kitambaa ili nije nacho mkione. Nikafika kwenye kamba, nikasimama. Maji bado yako juu ya daraja, na leo ni Jumatano, wale vijana watapita na baiskeli zao wakimtafuta mwenzao, wataangalia kamba yangu. Nikileta kitambaa, kamba inabaki tupu. Nikikiacha, nimekuja mikono mitupu. Akaniona nimeduwaa. Akasema, "Kipeleke. Nitasimama mimi."

Naomba mambo mawili. Mwacheni dereva aende na mkewe. Na watu wanaotafuta kwenye makorongo ya njia ya juu wateremke, watafute mtoni, kwenye matete baada ya kona ya pili. Huko ndiko mto hurudisha nguo zinaponiponyoka.

Haya ndiyo maelezo yangu, hakuna mtu aliyenitia maneno kinywani. Sasa naomba niende, yule mama yuko juani peke yake.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo haya nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, nikamsomea shahidi, akakubali ni yake. Kielelezo: kitambaa chekundu kimoja, kimekunjwa mara nne. Saa nne na dakika thelathini na tano shahidi aliinua mkono ninyamaze, akasikiliza, akaniuliza kama nami nimesikia. Nje palikuwa na jua na hakuna baiskeli iliyopita. Saa tano kamili nilituma kikosi mtoni. Walipofika njia panda waliripoti kwa redio kuwa mwanamke amesimama kwenye kamba, mikono yote miwili juu, anawaashiria wasishuke.