Meno ya Sime na Jina Lako

Mpendwa baba,

Nimejifungua mvulana. Ni wa pili, na unajua mtoto wa pili wa kiume kwetu huitwa nani: hupewa jina la babake mama, na mwenye jina huhesabiwa amerudi. Ndiyo maana nakuandikia. Jina hilo lilileta maneno nyumbani, na kwa muda nilimnyonyesha mtoto nikiwa sijui nitamwitaje.

Lakini ngoja nianze na shukrani, maana ukiwa hai ulikuwa ukikimbia mtu akianza kukushukuru. Ungesema umeacha maji kwa moto. Leo huna pa kukimbilia.

Mama aliponileta kwako Skuta kutoka Kutus nilikuwa msichana mdogo asiyesema na mtu. Baba aliyenizaa sikumjua, na mama hakupenda kumtaja. Wewe hukunibembeleza wala kuniletea peremende. Ulinipeleka nyuma ya nyumba, ukanipa bonge la udongo mwekundu, ukaniambia, "Kanda hii. Tunatengeneza kichwa." Ulikuwa mwalimu wa biolojia, na ulikuwa ukifinyanga mafuvu ya kuonyesha wanafunzi wako. Mengine yote hukuyajali sana, ng'ombe, mbwa, nyani. Yaliyokupa furaha ni ya wale wanyama uliowaita wenye meno ya sime.

Nakumbuka tulivyoyaanika juu ya ukuta wa tangi, meno yakining'inia kutoka taya la juu mpaka chini ya kidevu. Jirani wa nyumba ya pili aliyaona akafikiri ni mambo ya uchawi, akatuombea kanisani, tena kwa majina. Wewe ulimpelekea moja zawadi. Sijui alilifanyia nini.

Nilidhani wote ni simba wa zamani. Ulikasirika kidogo, ile hasira yako ya kuvua miwani. Ulinionyesha kwamba hata kati ya paka wenyewe hawakuwa namna moja. Kulikuwa na yule mnene wa Amerika ya Kaskazini, mwenye miguu mifupi na shingo ya fahali, meno yake marefu na membamba. Huyo alivizia, akamwangusha mnyama kwa nguvu za mikono kabla ya kutumia meno. Kulikuwa na mwingine wa miguu mirefu, mwenye meno mafupi zaidi, bapa, yenye makali ya msumeno, na mifupa yake imechimbuliwa hata hapa kwetu Turkana. Ulipenda kuitamka Turkana polepole, utadhani ni wewe uliyechimba.

Halafu kulikuwa na wale waliofanana na paka na hawakuwa paka. Ukoo mwingine kabisa, waliotangulia, wakaisha, na paka wakaja baadaye wakaota meno yale yale. Na wa mwisho, uliyemweka peke yake pembeni, wa Amerika ya Kusini: jamaa wa mbali wa wanyama wanaobeba watoto kwa mfuko. Meno yake yaliendelea kukua maisha yote, mizizi ikapita juu ya macho, na taya la chini lilikuwa na ala ya mfupa ya kuyakinga. "Ukiangalia meno peke yake utadanganyika," ulisema. "Angalia sikio. Angalia pua. Kazi inaweza kuleta meno. Undugu ni kitu ingine."

Baba, hayo maneno yalinikaa vibaya, na sikukwambia.

Unajua ni kwa nini. Wewe ulikuwa na mwanya, mimi nina mwanya. Watu wa Skuta ambao hawakujua habari zetu walikuwa wakiapa kwamba nimetoka mdomoni mwako. Muuza mboga, fundi wa viatu, hata pasta. "Huyu hata ukimtupa atarudishwa kwa mwalimu Nderitu," walisema, na wewe ulicheka bila kuwasahihisha. Mimi nilishikilia ule mwanya sana. Kila nilipojiangalia kwa kioo niliona ushahidi. Kisha ukaja na somo lako kwamba meno si ushahidi wa chochote.

Nilipofika kidato cha pili ndipo nilikuuliza, tukiwa tunaosha udongo mikononi. Nilikuuliza kama mimi na wewe tuko kama huyo wa mfuko na yule paka mnene wa Kaskazini, meno tu.

Uliendelea kusugua udongo kwenye kucha. Kisha ulisema, "Hao hawakuwahi kuonana, mami. Wakati huo bahari ilikuwa katikati. Sisi tunakula kwa sufuria moja."

Mami. Kwetu baba humwita hivyo binti aliyepewa jina la mama mzazi wa huyo baba, na mimi nilipewa la nyanya wa Kutus, mamake mama. Hukuwa na haki ya kuniita hivyo, na uliniita mpaka mwisho. Ulithubutu hata mbele ya mama yako, cucu, nyanya wetu wa Wamagana, aliyekuuliza, "Huyo ni mami wa nani?" Ukamjibu, "Wangu." Cucu alimimina chai yake na hakuniangalia tena siku hiyo.

Mwaka jana tulikuzika Wamagana, karibu na majani ya chai. Hukuwa umezaa. Kila mtu pale kaburini alilijua jambo hilo na hakuna aliyelitaja.

Basi mtoto akaja, na wanawake wa upande wa mume wangu wakaja kumwona na uji na kuni, kama desturi. Walipokunywa wakatosheka, shangazi mmoja akauliza jina. Nikasema Nderitu. Akaweka kikombe chini.

"Hiyo ni jina ya mtu alikulea," alisema. "Asante kwake, alifanya kazi mzuri. Lakini jina hufuata damu. Ati hakuna mtu huko Kutus anaweza kuulizwa?"

Mume wangu alitoka kwenda kupanga kuni. Mama alikunja kanga. Mimi nilitaka kusema juu ya sufuria na bahari, lakini nikakusanya vikombe. Wakasema tungoje, na wakaondoka, na mtoto akabaki anaitwa "huyu."

Jumapili iliyofuata cucu alikuja, wewe unajua magoti yake yanavyouma, kutoka Wamagana mpaka mlangoni petu. Hakuna aliyemwita. Yule shangazi alikuwepo pia. Cucu aliketi, akaomba apewe mtoto, akamfunua uso, akamtazama kwa muda mrefu.

"Nimesikia mnatafuta mwenye jina," alisema. "Mimi nilizaa Nderitu. Niko na haki ya kusema ni nani amemrudisha." Kisha alinigeukia. "Huyu msichana alimfulia nguo akiwa mgonjwa. Alimlisha uji na kijiko. Mimi niliona. Nyinyi mlikuwa wapi?"

Shangazi akasema hakuwa na ubaya, alikuwa anauliza tu.

"Umejibiwa," cucu alisema. Akamwinua mtoto mpaka pua zikagusana, akaanza kulia bila sauti, akimwita mwanangu, mwanangu, umekawia wapi.

Asante, baba. Kwa udongo, kwa hasira ya miwani, kwa kunyamaza watu walipokosea kunihusu. Nakukosa sana, hasa jioni.

Ubatizo ni mwezi ujao, lakini sisi hatukungoja. Mtu aliyepewa jina la babangu, mimi humwita baba, ndiyo desturi, na sasa hakuna wa kunihoji. Asubuhi hii mtoto alikuwa amejifunua miguu. Nikamwita, "Baba," akageuza kichwa akanitazama.

Pumzika bila wasiwasi,

Binti yako