Bomba Ndani ya Kompyuta

3 Machi

Shikamoo mjomba,

Hujambo? Mgongo unasemaje? Mama ananiambia bado unatambaa chini ya masinki ya watu kama kijana. Mimi mzima wa afya, ila kazi imenikwama.

Unakumbuka ile maktaba ya sauti ya wasioona iliyonipa kitabu nikisome? Sura ya kwanza wameirudisha. Sauti wameipenda, ila nyuma yake, wanasema, kuna mashine ya kusaga. Ni kompyuta yangu, mjomba. Ikipata joto feni zake zinavuma mpaka vikombe vinatetema, na chumba changu ni hiki kimoja, siwezi kuitoa nje. Wamenipa hadi mwisho wa Mei. Nisipowapa rekodi tulivu, kitabu anapewa mwingine.

Nimepanga kuijenga upya, ipozwe kwa maji. Pampu ndogo inasukuma maji yapite juu ya prosesa, ambayo ndiyo ubongo wake, yabebe joto hadi kwenye rejeta, kama ile ya gari. Hapo feni mbili kubwa zinazunguka polepole, bila kelele. Bomba, viungo, maji yanayokwenda na kurudi: kazi yako hiyo. Kabla sijanunua kitu, niambie kama nimerukwa na akili.

Mpwa wako

17 Machi

Marahaba mpwa wangu,

Mgongo haujambo, ni magoti ndiyo yanayonisengenya kila nikiinama. Hapa wote wazima.

Barua yako niliisoma kwa sauti pale karakana. Fundi mmoja akauliza, "Huyo mpwa wako anataka kufuga samaki?" Mwingine akadakia, "Maji na umeme? Msimamishe mtoto huyo!" Nikawaambia, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, huyu alinishikia spana kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Nikatunisha kifua kana kwamba kompyuta naijua, mimi ambaye hata simu huwashiwa na wateja.

Lakini bomba nalijua. Shika amri mbili. Ya kwanza: kiungo chochote chenye uzi wa kukazia kivishe tepu nyeupe ya kuzuia maji, usiionee huruma, kisha kaza mpaka kigome. Atakayekwambia vingine, mwambie mjomba wako alianza kazi hii yeye akiwa bado ananyonya. Ya pili: siku ya kujaribu, iwashe pampu peke yake, vingine vyote vikiwa vimekatiwa umeme, na chini utandike magazeti makavu. Jicho hudanganyika, gazeti halidanganyiki.

Akili unayo. Nunua.

Mjomba wako

28 Aprili

Mpwa wangu,

Hujambo? Mbona kimya? Mama yako nikimuuliza anasema uko salama, halafu anabadilisha mazungumzo, na dada yangu hajawahi kujua kuficha jambo. Wenzangu wananiuliza habari za samaki.

Kama imeungua, niambie. Niliyekutia kiburi ni mimi.

Mjomba wako

5 Mei

Shikamoo mjomba,

Mimi sijambo. Kimya changu unisamehe. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia bila kukukosea adabu. Nimeikosa, basi nasema tu: ilivuja.

Hivi viungo vidogo, mjomba, ndani vina ringi ya mpira. Ringi ndiyo inayozuia maji, uzi unashikilia tu. Hata karatasi iliyokuja navyo imeandika: usifunge tepu, kaza kwa vidole. Niliisoma. Nikaiweka pembeni, nikasema, "Hawa wanamjua mjomba wangu?" Nikavivisha tepu mpaka vikafanana na majeruhi. Ringi zikakosa pa kukaa. Pampu ilipowaka, gazeti lililowa kabla sijamaliza kujipigia makofi.

Lakini ni gazeti tu, mjomba! Kila kingine kilikuwa kimezimwa, kama ulivyoagiza. Nikapanguza, nikaacha vikauke kabisa. Amri yako ya kwanza ndiyo iliyovujisha, ya pili ikaokoa.

Nimebandua tepu yote, ringi zimekaa, magazeti makavu kabisa. Sasa adui ni hewa. Mapovu yanagugumia kwenye bomba na maikrofoni inayadaka. Nailaza kompyuta ubavu, naiinua, naipigapiga mgongo kama mtoto anayengojwa acheue. Jirani kaniuliza nimejifungua lini.

Mpwa wako

12 Mei

Marahaba mpwa wangu,

Magoti leo hayana la kusema, yameniachia nicheke. Barua yako niliisomea karakana nzima, na habari ya tepu sikuiruka hata neno. Tangu hapo jina langu limebadilika. Mteja akifika mlangoni wanamwambia, "Subiri kidogo, Tepu anakuja." Aibu ninayo, nisikudanganye, lakini raha imeizidi. Miaka yote hii nimefundisha vijana wa kazi, wote wananiitikia "ndiyo fundi" hata nikiwa naelekea shimoni. Wewe umenirudi, tena kwa shikamoo.

Hiyo hewa usiiharakishe. Itatoka yenyewe ikichoka kubembelezwa. Hiyo si amri, nimestaafu amri.

Mjomba wako

29 Mei

Shikamoo mjomba Tepu,

Natumaini wote hamjambo. Mapovu yamekwisha. Sura ya kwanza nimeisoma upya na leo nimeipeleka maktaba. Nakala yako nimemtumia mama kwenye simu yake, akuletee. Nimeisikiliza mno, sasa sijui tena kama inavuma au haivumi. Wewe unayesikia bomba linalotona ndani ya ukuta, isikilize uniambie ukweli. Ukweli wa fundi, usiwe wa kijomba.

Mpwa wako

6 Juni

Marahaba mpwa wangu,

Sote wazima, na leo warefu kidogo kuliko kawaida. Mama yako kanipigia simu asubuhi: maktaba wamekubali, kitabu chote ni chako. Hongera, mwanangu. Lakini ujue sisi karakana tulikuwa tumeshakata shauri kabla yao.

Mama yako aliileta simu yake Jumamosi. Nikazima redio, nikafunga mfereji, nikamnyang'anya mmoja nyundo. Simu tukaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, tukaizunguka. Ukaanza kusoma habari za yule mwanamke wa kitabuni aliyebisha hodi asiitikiwe. Ukafika alipoushusha mkono wake, ukanyamaza.

Hakikusikika kitu. Si kuvuma, si kugugumia.

Yule fundi wa samaki akainuka. "Imekwisha? Au chaji?"

"Kaa chini," nikamwambia. "Hapo ndipo ilipo kazi ya mpwa wangu."

Akakaa. Mama yako akajidai ana vumbi jichoni. Nasi watu wazima, mikono ina grisi, tukaendelea kuinama juu ya ile ndoo, tunasikiliza kimya chako.

Mjomba wako